Hatua 70 kwa 70

Mwezi wa pili mwaka jana nilisimama kwenye ukingo wa shamba moja kule Kahe, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikibishana na mzee wa umri wa baba yangu. Shikamoo nilishatoa, marahaba nilishapewa, ila ubishi ulikuwa palepale. Mzee alisema trekta letu limelima eka nne. Dereva wetu alisema eka tano. Bei tulipatana sh 60,000 kwa eka, kwa hiyo yeye alikuwa na 240,000 mkononi, zimekunjwa vizuri, na mimi nilikuwa na hesabu ya 300,000 kwenye daftari.

"Mwanangu, shamba hili nililigawiwa na marehemu baba. Ni 70 kwa 70, mara nne. Wewe umekuja leo asubuhi."

Dereva akapiga hatua mbele yetu sote: 155 upande mmoja, 155 upande wa pili. Mzee, mrefu kama mgunga, akavua kandambili na kupiga zake: 140 kwa 140, bila kubakiza. Majirani wakaanza kusogea. Ikabidi utingo akimbie kuazima tepu kwa fundi aliyekuwa anajenga nyumba ng'ambo ya mfereji. Tukapima. Mita 140 kwa 140.

Sasa nyie mnaoanza kazi nasi wiki hii, chukueni simu mpige hesabu. 140 mara 140 ni mita za mraba 19,600. Eka ya vitabuni, ile iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbegu na kwenye lebo ya dawa, ni mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 64 kwa 64. Gawanya, utapata eka 4.84. Dereva alikosea, mzee alikosea, ila mzee alikosea mbele ya majirani zake na juu ya ardhi ya baba yake. Nilipokea 240,000 nikashukuru. Jioni ile nikanunua tepu ya mita 50 pale mjini Moshi, na ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua mwaka ule.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mkiingia ofisini mtaona ubao mweupe ukutani umeandikwa "Hatua za Mwaka", na alama za vema pembeni. Kusajiliwa. Trekta la kwanza. Mteja wa mia. Mkataba mkubwa wa kwanza. Tulikunywa soda kwa kila alama ya vema, na mara moja tulichoma mbuzi. Kupima shamba hakumo kwenye ubao ule, na sijawahi kuiandika siku ile, ingawa ndiyo siku kampuni ilipoacha kupoteza pesa kimyakimya.

Hebu niwaeleze hiyo 70 kwa 70, maana mtakutana nayo kila mahali, kutoka Rundugai mpaka Rombo. Watu wengi husema eka ni hatua 70 kwa 70. Hatua ya kawaida ya mtu mzima haifiki mita moja. Ukipiga 70 za sentimita 90 unapata mita 63, na hapo eka inakaribia kabisa ile ya vitabuni. Walioianzisha hesabu hiyo hawakuwa wajinga. Shida ilikuja pale watu walipoanza kusema mita 70 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, zaidi ya eka kwa zaidi ya moja ya tano. Mkulima akinunua kilo 10 za mahindi kwa eka yake ya namna hiyo, akapanda kwa nafasi aliyoelekezwa, mbegu zinaisha kabla ya shamba. Atasema mfuko umepunjwa. Atasema wewe uliyempa ushauri hujui kitu. Mbolea nayo hivyohivyo, dawa hivyohivyo. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu chochote kuhusu mifuko mingapi, muulize: eka yako ni ya hatua au ya mita? Wengi watacheka, kisha watanyamaza kidogo.

Kuna programu za simu za kupima shamba kwa kutembea mpakani. Kule tambarare zinafaa. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, kule Kibosho mlimani, chini ya migomba na miti ya mruka, simu itakuonyesha umetembea mpaka kwa jirani. Huko tumia tepu.

Sasa nirudi mwanzoni. Usajili sitauzungumzia sana. BRELA kwa jina la kampuni, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya halmashauri, mashine ya risiti ya EFD, vyote vinakwenda ukiwa na subira na nakala za kutosha. Linalowakwaza vijana ni vibali vya bidhaa. Ukitaka kuuza au kupulizia viuatilifu kibiashara unashughulika na TPHPA, makao yao makuu yako kule Arusha, Ngaramtoni, palipokuwa taasisi ya TPRI. Mbegu ni TOSCI. Mbolea ni TFRA. Hivyo ni vibali vitatu vya mamlaka tatu, na mkaguzi wa kimoja hajali kama una kingine. Sisi tuliamua mwaka wa kwanza tusiuze kitu chochote cha kwenye chupa wala mfuko, tuuze huduma tu: kulima, kupiga haro, kuchukua sampuli za udongo, kupulizia dawa aliyonunua mkulima mwenyewe. Wenzetu walituona waoga. Bado naona tulifanya vizuri. Anayeuza dawa na kutoa ushauri kwa wakati mmoja hushawishika kuona ugonjwa kila shamba.

Kisha Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya Agosti. Tulichukua kibanda kwenye viwanja vya Themi, Njiro, tukachapa fulana, tukachapa vipeperushi vya rangi. Siku zote zile watu walifurika: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, wote wanakuja pale. Tulirudi Moshi na daftari lenye majina zaidi ya 300. Nilipiga simu zote mwenyewe kwa wiki mbili. Waliokuja kuwa wateja wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi walikuwa wanafunzi, wauzaji wenzetu, na watu waliotaka fulana.

Kilicholeta wateja ni tangazo la kanisani. Mshirika mwenzangu alimwomba mzee wa kanisa wa mtaa wao, Jumapili baada ya ibada likasomwa katikati ya tangazo la harusi na la mnada wa mazao ya sadaka: kuna vijana wana trekta, namba hii hapa. Kesho yake simu haikutulia. Kule chini tukafanya vivyo hivyo msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu anayekusikia kanisani anajua akikosana nawe ana pa kukushitakia. Ndiyo dhamana anayoitaka, na fulana haina dhamana hiyo. Nane Nane tunakwenda bado, kuona zana mpya na kukaa na watu wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo, na wa utafiti, lakini hatukodi kibanda.

Desemba ndiyo mwezi ambao hakuna aliyeniambia juu yake, na mimi nimezaliwa hukuhuku! Kuanzia tarehe 20 hivi, barabara ya Himo inajaa magari kutoka Dar, na kila mji una kaka au dada aliyerudi kula Krismasi na wazee. Hawa ndio wenye pesa ya kulima. Wanakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, wanatazama shamba la tambarare limelala, wanasema mwaka huu tulilime. Tarehe 3 Januari wameshaondoka. Kama hujaonana nao katika zile wiki mbili, utabaki kuongea nao kwenye simu mwaka mzima, nao watakuwa kwenye kikao.

Basi tuliwapata. Tukawapa huduma ya picha: shamba kabla ya kulima, baada ya kulima, baada ya haro, picha ya tepu kwenye kona zote nne. Walipenda sana. Ila sikilizeni hili. Kijana mmoja wa Dar alilipa kila kitu mapema, eka tatu za mama yake. Tulifika saa moja asubuhi na trekta linaunguruma. Mama akatoka na jembe mkononi, akasimama mbele ya gurudumu. Alikuwa ameshapatana na jirani wa maksai, ameshampa na kianzio, na kwenye kona moja alikuwa ameshatia maharage. Hakuna aliyemwambia. Mwanawe alidhani anamfanyia mshangao. Mama hakutukana. Alituuliza tu, "Mmetumwa na nani kwenye shamba langu?" Tukageuza trekta, kilomita 20 za dizeli bure, na kijana tukamrudishia pesa yake yote.

Tangu hapo anayelipa ni mmoja na anayeruhusu ni mwingine, na fomu yetu ina nafasi ya majina yote mawili. Mkimpigia wa Dar kwanza mmekosea. Mpigieni mama, msalimieni, mwulizeni anataka lini. Kwenye shamba la ukoo ulizeni pia kama kuna shangazi au baba mdogo mwenye neno. Sisi Wachaga tunaweza kugombania mpaka wa sale, ule mmea wa kuonyesha mpaka, kwa miaka 30, trekta lako lisiwe sababu ya mwaka wa 31.

Trekta lenyewe tulilinunua kwa mkopo, mwezi wa kumi. Hapo kuna jambo moja la kushika. Benki inataka marejesho kila mwezi, lakini trekta la kulima linaingiza pesa kwa misimu: Januari mpaka katikati ya Machi kabla ya masika, kisha kidogo Septemba na Oktoba kwa ajili ya vuli. Miezi mingine linakaa linakula riba. Ombeni ratiba ya marejesho inayofuata msimu kabla hamjatia saini, maana mkishasaini ofisa anakuwa mtu mwingine. Wapo wanaodhamini mikopo ya kilimo, kama PASS, na kuwauliza ni bure. Sisi tulisaini haraka kwa furaha ya kupiga picha na trekta. Mei na Juni tulilipa marejesho kwa pesa ya mifukoni mwetu.

Kwenye kioo cha saa za injini, angalieni kila jioni na muandike. Mtengenezaji anasema oili na filta kila saa 250, na saa 250 kwenye msimu zinafika upesi kuliko mnavyodhani. Dereva atakwambia "bado bosi, inavuta vizuri". Dereva analipwa kwa eka, kwa hiyo kwake kila siku ya sevisi ni siku ya njaa. Tulichofanya ni kumlipa posho ya siku ya sevisi sawa na siku ya kazi ya wastani. Malalamiko yakaisha, na filta zikaanza kubadilishwa. Dizeli nayo pimeni: kwetu jembe la sahani linakula kama lita nane kwa eka, udongo mweusi zaidi. Ikifika 12, ama udongo ni mgumu, ama sahani zimeisha makali, ama kuna dumu linaondoka usiku. Chunguzeni kwa mpangilio huo, msianze na dumu. Mimi nilianza na dumu, nikamkosea mtu mwaminifu, na kumwomba radhi kulikuwa kugumu kuliko kununua sahani mpya.

Kosa letu kubwa la mwaka lilitokea katikati ya Machi. Mvua ilishapiga mara mbili. Mteja analia, majirani wameshapanda, na sisi tulikuwa tumechelewa zamu yake kwa siku sita. Dereva alisema udongo haujawa tayari. Mimi nikasema twende, kwa sababu nilimwonea haya mteja. Trekta lilizama mpaka ekseli kabla ya saa nne. Tulikodi trekta lingine kulivuta. Tulipomaliza kulima, na nasema tulimaliza kwa kiburi, ardhi ilikuwa imegeuka vipande vinavyong'aa kama matofali mabichi. Jua likaja siku tatu, vikawa matofali kweli. Haro ya kwanza ikapita juu yake ikirukaruka. Tukapiga ya pili kwa gharama yetu, na bado mbegu zake ziliota moja hapa, moja kule. Yule mteja hajarudi, na sijamlaumu.

Sasa fanyeni hivi kila asubuhi baada ya mvua. Choteni udongo wa kina cha jembe, si wa juu, juu hukauka na kudanganya. Usokoteni kwenye viganja. Ukitoa kamba nyembamba isiyokatika, zimeni injini mnywe chai. Ukikatika na kumeguka, limeni. Na mteja mwambieni hapana mkiwa mnamtazama usoni, msimtumie meseji.

Sampuli za udongo zinaonekana kazi rahisi, kwa hiyo ndizo hupewa wageni kama nyie. Mwenzenu aliyewatangulia alitumwa kihamba kimoja cha kahawa, akachimba mahali penye udongo laini. Majibu yakarudi na pH inayokaribia nane. Mlimani kule, kwenye udongo unaotumia mbolea ya viwandani miaka na miaka, tunatarajia tano na kitu. Tulikuwa tunaanza kuandika ushauri wa ajabu mpaka mama mwenye shamba alipouliza, "Mlichimba pale ninapomwaga jivu la jikoni?" Basi. Vituo 15 kwa eka, mkitembea kwa kupindapinda kama njia ya nyoka, kina cha sentimita 20, mchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, mchukue nusu kilo. Mkwepe jivu, zizi, kichuguu, njia na chini ya mti. Kwa kahawa chukueni na tabaka la chini, 20 hadi 40, kwenye mfuko wake. Maabara za utafiti, ya kahawa ya TaCRI kule Lyamungo na ya kilimo ya TARI Selian, zitapima vizuri chochote mtakachowapelekea, hata jivu.

Kwenye upuliziaji nitasema jambo moja, mengine mtajifunza kwa vitendo. Tangu 2014 kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, alipoingia mashamba ya nyanya ya Arumeru, wakulima wamepoteza imani na dawa, na wameanza kuchanganya tatu kwenye bomba moja. Msikubali. Yule kiwavi anakaa ndani ya jani, kwa hiyo muda wa kupulizia na kubadilisha kundi la dawa vina maana kuliko wingi wa chupa. Namba ya kundi iko kwenye lebo, someni. Na kabla ya dawa, pulizieni maji matupu kwenye mita 10 kwa 10, mpime mmetumia lita ngapi, mzidishe mara 40. Hayo ndiyo maji ya eka. Mtu akitumia lita nne pale, eka inataka lita 160, mabomba manane ya lita 20. Kila mwendo wa mtu ni tofauti, kwa hiyo msiazime hesabu ya mwenzako. Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna andikeni kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo mkulima.

Mkataba mkubwa ulikuja Aprili, shamba la kampuni, mbuzi akachomwa. Tulipeleka invoisi ya sh 6,000,000 na risiti ya EFD ya kiasi hichohicho. Pesa iliingia baada ya siku 70, na ilikuwa 5,700,000. Nilipiga simu kwa hasira. Mhasibu wao alinieleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: asilimia tano ni kodi ya zuio kwa huduma, inakwenda mamlaka ya mapato, TRA, na nikiomba cheti chake nitakipunguza kwenye kodi yangu ya mwaka. Kama nisingepiga simu kwa hasira nisingejua kuna cheti. Kidaini kila mara, ni pesa. Na makadirio ya TRA awamu ya kwanza yanaangukia mwisho wa Machi, mwezi uleule dizeli inaponyonya kila shilingi, kwa hiyo wekeni kando kuanzia Januari.

Wakulima wadogo ndio walilipa vizuri, ukiondoa wale wa "nitakulipa nikivuna". Kuvuna ni Julai na Agosti, na mahindi ya Julai ni bei ya chini kuliko mwaka mzima, kwa hiyo hata mtu mwaminifu anaona uchungu kuuza magunia ili akulipe. Juni nilizunguka na pikipiki kudai, nikanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nyingi za kuombwa subira. Sasa ni nusu kwa Lipa Namba kabla gurudumu halijaingia shambani, nusu siku tunayomaliza. Tulipotangaza hivyo tulidhani tutapoteza watu. Walioondoka ni walewale niliokuwa nawatembelea na pikipiki.

Mzee wa Kahe alipiga simu mwezi wa tisa. Nilijua namba yake kabla ya kuongea. Alitaka eka tatu zilimwe kwa ajili ya vuli, na jirani yake mbili, na mjomba wa jirani alikuwa anafikiria. "Mje na ile kamba yenu," alisema, "huku kuna watu wanabishana." Tulipofika alikuwa ameshavua kandambili, anapiga hatua kwenye shamba la mjomba na watoto wanahesabu kwa sauti nyuma yake. Alipomaliza akatuita tupime, tukapima, akatazama namba, akawageukia watu, akawaambia kwao eka ya mita 70 ilishawadhulumu mbegu miaka mingi. Maneno yangu kabisa, ila yakitoka kwake yalisikika.

Kesho tunarudi kule saa kumi na moja alfajiri. Tepu iko chini ya kiti cha dereva. Mkimaliza kupima mfute matope kabla ya kuikunja, mara ya mwisho ilikunjwa na matope na namba za kati ya 30 na 40 hazisomeki tena.